Siku Kumi za Sajenti

"Hajakuuma. Amekugusa."

"Amenigusa na meno?"

"Sasa ulitaka akuguse na nini, mikono?"

Watu waliojazana kwenye kichochoro kati ya nyumba mbili za mtaa wa Chanji wakacheka, na hapo Christopha akajua kwamba kwenye ugomvi huu hatoki mshindi. Alikuwa na siku tatu tu tangu ahamie upande wa pili wa ua wa matete wa mwenye mbwa, akitokea Kipili ziwani na biashara yake ya dagaa na migebuka wa kukausha. Jioni hiyo alikuwa anatoka sokoni na kiroba cha samaki begani, kaptula kiunoni, kandambili miguuni, kama vile Sumbawanga ya mwezi wa saba ni ufukwe wa ziwa. Mbwa akakifuata kiroba. Christopha akarusha teke. Mbwa akajibu. Sasa damu ilikuwa inamchuruzika kwenye shavu la mguu na upepo unampiga mpaka magotini.

"Mimi nilisema," akaingilia Mama Asnath, jirani wa nyuma, ambaye hakuna jambo la mtaa lililowahi kupita bila kulipa ushuru mdomoni mwake. "Nilisema huyu mbwa akimaliza vifaranga wangu atahamia kwa watu."

"Mama Asnath, vifaranga wako walichukuliwa na mwewe, wewe mwenyewe ukiangalia."

"Mwewe alichukua wawili. Mimi nilikuwa na watano."

Aliyekuwa anamtetea mbwa kwa moto huo ni Hilaria, fundi wa masweta, binti wa mwisho wa Mama Rosina. Mrefu, mweusi wa kung'aa, kofia ya sufu imekaa upande, sweta la zambarau la mkono wake mwenyewe juu ya kitenge cha njano. Nyuma ya kitenge hicho alijificha mshitakiwa, Sajenti, mbwa wa kahawia mwenye masikio makubwa kuliko ushujaa wake. Naye alikuwa amevaa sweta. La kijani, la uzi uliobaki kwenye oda za wanafunzi.

Christopha akalitazama sweta lile. "Jamani, mtu akimvalisha mbwa sweta, kichaa tukitafute kwa nani?"

Safari hii kicheko kikawa chake. Hata Hilaria alitabasamu kidogo, halafu akakasirika kwa sababu ametabasamu.

"Kaa hapo kwenye ndoo," alisema. "Toa mguu."

Alileta dumu la maji na kipande cha sabuni. Akamwagia, akasugua, akamwagia tena. Maji yalikuwa ya baridi ya nyanda za Ufipa, ile inayoingia mpaka kwenye jino.

"Dada, kidonda kimeshatakata."

"Robo saa. Maji yanayotiririka na sabuni. Walitufundisha siku ya chanjo."

"Kwa hiyo chanjo anayo?"

Mkono wa Hilaria ukasita. "Anayo. Iliisha muda mwezi wa nne."

Mzaha ulikuwa umekwisha.

Bwana Loth, afisa mifugo wa kata, alifika na pikipiki yake na mabuti yake ya mvua ambayo huyavaa hata kiangazi. Akaangalia mguu, akaangalia mbwa, akatoa hukumu.

"Wewe kijana, hospitali sasa hivi ukaanze sindano, na usiruke hata moja. Wewe Hilaria, mbwa afungwe siku kumi. Kila siku aonekane akila na akinywa. Akifika siku ya kumi mzima, hakuwa na kichaa siku alipouma. Akibadilika, akiacha kula, akitoka mate, sitamjadili na mtu. Nitamuua mimi mwenyewe."

"Na nani atamwangalia?" akauliza Mama Asnath. "Maana mama wa mtoto hamsemi mwanawe."

"Aangalie mwenye mguu," alisema Loth. "Ndiye mwenye haja ya kujua."

Basi Christopha akawa na kazi ya kila asubuhi: kupita kwenye ua, kusimama mita mbili kutoka kwenye nguzo alikofungwa Sajenti, na kumtazama akila ugali wa dona na supu ya maharage. Hilaria alikuwa anamwekea bakuli, akimbembeleza kama mtoto mwenye surua. Mama Rosina alikaa mlangoni akichambua maharage, macho kwenye maharage, masikio kwa wengine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mguu?"

"Unaendelea vizuri."

"Mshukuru Mungu." Basi. Hakuna zaidi.

Mama Rosina alikuwa na sheria yake na mtaa mzima uliijua. Mgeni wa uani ni wa uani. Dada watatu wa Hilaria walikuwa wameolewa, na kila mwanaume aliyewaoa alijua kwamba amekubaliwa siku mama mkwe alipomwita ndani anawe mikono. Wengine walisimama uani miaka miwili wakanywa maji tu.

Siku ya tatu Hilaria alimpigia Christopha simu akiwa sokoni. Nyuma yake mashine ya kufumia ilikuwa inakwaruza.

"Mgonjwa, umechomwa sindano ya leo?"

"Nimechomwa, daktari wa sabuni. Mkono umevimba."

"Pole. Umelia?"

"Nilitaka kulia, nikakumbuka hakuna wa kunibembeleza. Wote wanambembeleza Sajenti."

"Sajenti ana adabu. Wewe una nini?"

"Nina migebuka."

Alicheka mpaka uzi ukakatika kwenye mashine. Siku ya tano simu zilikuwa mbili. Siku ya sita Hilaria alimwambia jinsi alivyomwokota Sajenti akiwa kinda, amelowa, kwenye mtaro, wiki ile ile walipomzika baba, na kwamba usiku ule mama yake alicheka kwa mara ya kwanza, mbwa alipokojolea kiti cha marehemu. "Kwa hiyo siyo mbwa tu," alisema. "Ukimwondoa huyu, mama anabaki na kiti."

Christopha hakutania. "Nimekuelewa," alijibu.

Siku ya saba, Hilaria alimrushia kifurushi juu ya matete. Sweta. La kijani kibichi, la uzi ule ule.

"Ulinipima lini?"

"Macho yanapima. Sasa mko kikosi kimoja."

Alilivaa pale pale. Lilimkaa mabegani kama alizaliwa nalo. "Kesho alfajiri nashuka Kipili kuchukua mzigo. Nikirudi nikimkuta huyu mzima, nina neno na mama yako."

"Neno gani?"

"La mama yako."

"Nionjeshe."

"Subiri liive, mpenzi." Neno la mwisho lilimtoka kabla hajalikagua. Hilaria akajifanya anamfukuza nzi.

Alfajiri ile, kabla ya kupanda gari, Christopha alifanya kosa ambalo mtu wa ziwani tu angelifanya. Kwao Kipili mbwa hulelewa na vichwa vya samaki. Vinashuka kutoka kwenye mtumbwi vikiwa vibichi, mifupa laini, mbwa anatafuna kama biskuti. Alitaka kumuaga Sajenti kiungwana. Akapanua matete, akampenyezea kichwa cha mgebuka mkavu, mkubwa kuliko wote dukani. Hakukumbuka kwamba mfupa uliokaushwa huwa mkali kama msumari, wala kwamba mbwa wa Ufipa aliyekua kwa dona na maharage hajui kutafuna samaki. Humeza tu kama anavyomeza ugali.

Saa nne asubuhi Sajenti alikataa bakuli. Saa tano mate yalikuwa yanamtoka kwa nyuzi ndefu, naye anajikwaruza mdomo kwa makucha.

"Kimeanza," alisema Mama Asnath kutoka kwenye ua wake, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na furaha ya habari. "Hilaria, usimguse, mwanangu. Namtafuta Loth."

Hilaria hakumgusa. Alisimama, akayaona matete yaliyopanuliwa, na chini yake mabaki ya kichwa cha samaki. Mjini hapa kila mtu anajua mbwa anavyouawa: kipande cha samaki, sumu ndani. Akabonyeza simu.

"Ulimpa nini Sajenti?"

Mtandao wa Kipili ulikuwa unakuja na kuondoka. "Hilaria? Salama huko?"

"Nijibu."

"Kichwa cha mgebuka. Nilikuwa namuaga."

"Ulitia nini ndani?"

Upande wa pili mawimbi yalikuwa yanagonga mitumbwi. "Unaniuliza mimi?"

"Nani mwingine alimpiga teke? Anatoka mate, anajikwaruza mdomo, Loth yuko njiani. Umesafiri ili usiuone uso wangu. Usinipigie tena."

Akazima.

Christopha alibaki na simu sikioni. Kwanza moyo ulimuuma. Kisha hofu ikamshika, maana mate ya mbwa yule yalishaingia kwenye damu yake. Halafu, taratibu, likamrudia neno moja kati ya yote aliyotukanwa: anajikwaruza mdomo. Akatazama migebuka waliotandazwa juani. Akamshika mmoja, akavunja taya lake. Mfupa ukamchoma kidole.

Hilaria alikuwa amezima simu. Namba ya Loth hakuwa nayo. Lakini namba ya Mama Asnath, nani Chanji hana?

"Mama, ni Christopha. Ni mfupa. Nilimpa samaki mkavu, umemkwama. Mzuie Loth mpaka nifike."

"Mimi? Nimtetee mbwa yule?"

"Mama, hakuna mtu mwingine anayejua habari hii. Wewe ndiye wa kwanza."

Hapo ndipo alipompata. Vifaranga ni vifaranga, lakini habari ambayo mtaa mzima hauna ni jambo jingine. Loth alipofika alimkuta Mama Asnath amesimama kwenye kichochoro, mikono kiunoni, amekijaza chote.

"Hupiti. Ni mfupa."

"Mama, kichaa na mfupa vyote vinatoa mate. Watu wamekufa kwa kuchungulia mdomo."

"Ndiyo maana husogei wewe wala mwingine. Mtoto wa watu amepanda fuso la samaki, anakuja. Mbwa amefungwa, ataenda wapi?"

Walisubiri. Mtaa ulijaa kama siku ya harusi. Jua lilikuwa limeelekea kuzama Christopha aliposhuka ananuka dagaa, vumbi la barabara ya Namanyere kwenye kope, sweta la kijani mwilini. Mzigo wake ulibaki Kipili mchangani.

Hakumtazama Hilaria. Alimtazama Loth. "Mimi nina sindano tatu tayari, na wewe umechanjwa kwa kazi yako. Mimi namshika, wewe unafungua."

Loth alifikiri, kisha akavaa glavu nene mbili mbili na kumrushia Christopha nyingine. Wakamfunika Sajenti kwa blanketi, Christopha akamkumbatia kwa nguvu, Loth akaingiza kijiti kati ya meno, akamulika tochi. Kisha koleo ikaingia, ikazunguka, ikatoka.

Mfupa. Ulikuwa umekaa kati ya magego, mrefu kama kidole cha shahada.

Sajenti alipiga chafya, akatazama huku na huku, akaiendea sufuria ya maji na kunywa mpaka chini.

"Siku kumi ni siku kumi," alisema Loth, lakini alikuwa anatabasamu. "Bado mbili."

Watu walipotawanyika, Hilaria alikaa kwenye ndoo ile ile. "Nilikudhania muuaji."

"Hilo nilisamehe nikiwa ndani ya fuso."

"Lipi hukusamehe?"

"Ulisema nisikupigie tena."

Hilaria akatoa simu, akaiwasha, akabonyeza. Ikaita mfukoni mwa Christopha, hatua mbili kutoka pale alipokaa. Akapokea.

"Haloo?"

"Nisamehe, mwanaziwa."

"Nimekusamehe, daktari. Nami nisamehe. Nilidhani kila mbwa ni wa ziwani."

Siku ya kumi Sajenti alimaliza bakuli, akalilamba, akalisukuma mpaka kwa Mama Asnath, ambaye alikuwa amekuja na vifaranga watatu nyuma yake bila woga. Loth akamchoma chanjo mpya na kuandika cheti. Kamba ikafunguliwa.

Christopha akasogea mlangoni. Mama Rosina alikuwa kwenye kiti cha marehemu, ungo mtupu magotini. Ndani kulinukia ugali wa ulezi na samaki wa nazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nina neno. Nililiahidi siku tatu zilizopita, nami nadhani sasa limeiva. Kuhusu Hilaria."

Hilaria aliacha kupumua. Mtaa mzima, nyuma ya matete, uliacha kupumua.

Mama Rosina alimtazama kijana na sweta lake la kijani, akamtazama mbwa aliyesimama pembeni yake na la kwake. Akainuka, akachukua birika la maji ya moto na beseni, akasogea pembeni mlango ukawa wazi.

"Ingia unawe mikono, baba. Neno halisemwi na njaa," alisema. "Njoo ule. Mifupa nimeshaitoa."