Nyumba Iliyotazama Kaskazini

Asubuhi za Julai, nyumba ya Kalume kule Granville, Sydney, ilikuwa baridi kuliko barabarani. Mkewe, Faida, alipika uji akiwa amevaa koti. Akipumua, mvuke ulionekana mbele ya mdomo wake. Mama mzazi wa Kalume, Bibi Chibalonza, alikaa karibu na hita huku amejifunika blanketi na vitenge.

Hita iliwaka tangu alfajiri. Lakini kuta zilikuwa nyembamba, na madirisha yalipitisha upepo. Joto lote lilitoka nje.

Chumbani, Ornella alikohoa. Alikuwa na miaka minane, na kila baridi ilipofika kifua chake kilibana. Nyuma ya kabati lake ukungu mweusi ulipanda ukutani. Faida aliufuta kila wiki, nao ukarudi.

"Daktari amesema tena," Faida alimwambia mumewe. "Mtoto huyu hawezi kuendelea kulala ndani ya ukungu."

"Najua, Mama Ornella," Kalume alijibu. "Mwenye nyumba tumemwambia mara ngapi? Mwaka huu tunanunua yetu."

Bibi aliinua kichwa. "Nyumba," alisema polepole. "Mimi nilikuwa na nyumba."

Neno hilo lilimrudisha nyumbani kwao Kabare, juu ya kilima, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyojenga marehemu mume wake. Mlango ulikuwa wa rangi ya buluu. Nyuma palikuwa na mikaratusi. Hapa Sydney pia mikaratusi ilikuwa kila mahali, na mvua ikinyesha, harufu yake ilimrudisha Bibi kwenye mlango ule.

"Kabla ya kujenga, baba yako alienda kwenye kiwanja kila asubuhi na kila jioni," alimwambia Kalume. "Alisimama tu. Watu walimcheka. Kumbe alikuwa anaangalia jua linapita wapi na mvua inatoka upande gani."

Kalume alikumbuka. Alikuwa mdogo, na baba yake alimshika bega wakati mafundi wanapandisha ukuta wa kwanza. Halafu vita vilikuja, wakakimbia. Hawakujua nani anaishi mle sasa.

Jumamosi Kalume na Faida walipanda treni mpaka Minto, karibu na ghala alikofanya kazi Kalume. Huko zilikuwa zimejengwa nyumba mpya za safu, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Dalali kijana aliwapeleka kwenye nyumba ya mwisho wa safu.

Kalume aliingia akatazama huku na huku. Jiko lilikuwa jeupe, linang'aa. Dirisha la chumba cha kulia lilikuwa kubwa kama ukuta. Ngazi zilikuwa za mbao nzuri. Alijiona akimkalisha mama yake hapo, mbele ya wageni.

"Ni nyumba ya kisasa," dalali alisema. "Haili umeme. Juu ina sola. Lakini kuna familia nyingine inaitaka. Mkisaini leo, ni yenu."

Kalume alishika kalamu. Faida akamgusa mkono.

"Baba Ornella, ngoja. Tumlete Zilpah aione kwanza."

"Itachukuliwa!"

"Ikichukuliwa, ichukuliwe. Tukikosea, tutalala ndani ya kosa letu miaka yote."

Kalume aliweka kalamu chini.

Zilpah alikuwa Mkenya waliyesali naye kanisa moja. Kazi yake ilikuwa kupima nyumba, kuona kama zinashika joto vizuri na zinatumia umeme kiasi gani. Jumapili, baada ya ibada, alikwenda nao Minto. Bibi na Ornella walikwenda pia.

Zilpah hakutazama jiko. Alitoa simu yake, akaangalia dira.

"Kaka Kalume, sebule hii inatazama kusini," alisema. "Hapa Australia, wakati wa baridi, jua hupita chini chini upande wa kaskazini. Kwa hiyo humu halitaingia Julai yote."

"Na dirisha lile kubwa?"

"Linatazama magharibi. Leo unalipenda. Januari, jua la alasiri litaingia pale, na mtaokwa kama mikate. Hebu shika kioo."

Kalume alikishika, akaondoa mkono haraka. Kilikuwa baridi kama barafu.

"Ni kioo kimoja," Zilpah alisema. "Vikiwa viwili, na hewa imefungwa katikati, joto halikimbii hivi."

"Lakini kuna sola!"

"Sola inatengeneza umeme tu. Haizuii joto kutoka. Kwanza nyumba yenyewe ishike joto, halafu sola ikusaidie."

Kalume alikaa kwenye ngazi. "Nilitaka Mama apate nyumba nzuri," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba nyeupe. Ya kufuta ile tuliyoacha."

Faida alikaa karibu naye.

Walipotoka nje, Bibi, waliyemwacha mlangoni, hakuwepo. Walimwona ng'ambo ya barabara, mbele ya safu nyingine ya nyumba. Alikuwa amesimama tu, macho amefumba, jua likimpiga usoni.

"Mama, unafanya nini huko?" Kalume aliita.

"Nafanya kama baba yako," alijibu. "Hapa kuko jua. Nyumba hii ni ya nani?"

Zilpah aliangalia dira, akacheka kwa furaha. "Inatazama kaskazini. Na bado inauzwa!"

Dalali akawafungulia hiyo nayo. Ilikuwa nyumba ya katikati, ndogo kuliko ile ya kwanza. Jiko lilikuwa la kawaida, kuta rangi ya majivu. Lakini sebule ilijaa mwanga, na madirisha yalikuwa na vioo viwili. Juu ya dirisha kulikuwa na kipaa kifupi kilichotokeza nje.

"Kipaa hiki kina kazi," Zilpah alieleza. "Kiangazi jua liko juu, kinalizuia. Wakati wa baridi liko chini, linapita. Halafu mna majirani pande zote mbili. Kuta hizo mbili hazipigwi na upepo. Na bafuni kuna feni ya kutoa mvuke nje. Mvuke ukitoka, ukungu haupati pa kuota."

Ornella alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kwenye jua. "It's warm, Mum," alisema, akifurahia joto.

"Basi nisaini?" Kalume aliuliza.

"Bado!" Zilpah alisema. "Nyumba hii ina cheti cha nyota nyingi za kushika joto, na ni jambo zuri. Lakini nyota hizo waliupa mchoro. Lazima tujue kama walijenga kama walivyochora. Tafuteni mkaguzi wenu wenyewe, asiwe wa muuzaji. Na mwanasheria wenu asome mkataba, pamoja na kumbukumbu za kamati ya wenye nyumba wa safu hii. Paa na njia ni za wote, kwa hiyo mjue zinatunzwaje."

Safari hii Kalume hakubishana. Walimpata mkaguzi, akapanda juu ya dari na tochi. Akashuka na picha. Kila mahali kulikuwa na sufi nene ya kuzuia joto, isipokuwa juu ya chumba kidogo cha nyuma. Hapo mafundi hawakuwa wameweka kitu.

"Hicho ndicho kitakuwa chumba cha Ornella," Faida alisema, akashika kifua.

Mwanasheria alimwandikia muuzaji. Sufi ikawekwa, mkaguzi akarudi kuangalia, ndipo Kalume akasaini.

Siku ya kuhama, Faida alibaki nyuma kidogo katika nyumba ya Granville. Aliichukia baridi ile. Lakini ndani ya vyumba vile Ornella alijifunza kutembea, na hapo ndipo walipokula chakula chao cha kwanza Australia, wamekaa juu ya maboksi. Alifunga mlango taratibu, akalia mpaka kituo cha treni.

Baridi ilipofika tena, waliishi kama Zilpah alivyowafundisha. Asubuhi walifungua madirisha muda mfupi, hewa ibadilike. Mchana waliacha jua liingie. Likizama, walivuta mapazia. Hita iliwaka kidogo tu jioni. Ukutani kwa Ornella hapakuwa na ukungu, na majuma yalipita bila kumpeleka kwa daktari kwa ajili ya kifua.

Jumapili moja ya Julai waliita watu wa kanisa. Walikuja wengi, na Zilpah pamoja nao. Walikula sombe ya majani ya muhogo na ugali, viti vikaisha, wengine wakakaa kwenye ngazi. Mtu alianza wimbo wa Kabare, wimbo wa arusi. Bibi hakuwa ameuimba tangu siku walipokimbia. Alisimama, akaupokea. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, halafu ikanyooka. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Sebule ilipata joto mpaka Kalume akafungua dirisha. Wimbo ukatoka mpaka barabarani. Jirani aliyekuwa anatoa takataka alisimama, akageuka kutazama.

"Mama, nifunge?" Kalume aliuliza. "Tunawapigia majirani kelele."

"Acha wazi," Bibi alisema. "Wasikie kama tuko hapa."