Uzi Chini ya Utando

Haya nilisimuliwa na Minori mwenyewe, mwaka juzi, siku tulipokuwa tukimenya viazi vitamu vya kukausha. Sasa ni mtu mzima na ana watoto wawili. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na mmoja, akiishi na babu yake, mzee Iwao, hapa hapa Kajiki, nyumba ya tatu kutoka mferejini.

Kila mwezi wa sita mji wetu hushindanisha buibui, wawili wawili wakipigana juu ya kijiti, na mzee Iwao hakukosa hata mwaka mmoja. Kila asubuhi Minori alifagia jivu la mlima wa moto barazani, kisha akazinyunyizia maji tando sita zilizotandwa kati ya nguzo na mchenza, na kila buibui akamrushia panzi wake. Wote walikuwa majike wenye mistari mipana ya njano na nyeusi, wametulia katikati ya tando, miguu imepangwa miwili miwili. Mmoja waliyemwita Kiguru alikuwa amekatika mguu wa nyuma, lakini walipojaribiwa nyumbani aliwashinda wenzake wote. Mzee Iwao alimtegemea huyo.

Minori alikuwa na rafiki, Kanae, aliyehamia na mama yake kutoka Osaka majira ya baridi. Siku ya kwanza ya kutafuta buibui Kanae alileta kibuibui kidogo cha rangi ya udongo ndani ya kopo la chai. Watoto walicheka. Mzee Iwao akakitazama, akamwambia Kanae, "Mjukuu wangu, umetuletea bwana arusi. Dume hapigani, yeye huja kuoa tu."

Kanae naye akacheka. Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi kujifunza, mpaka akapata jike lake mwenyewe kwenye shamba la chai, la kushindanisha.

Jumapili moja, ikiwa imebaki wiki moja kufikia mashindano, mzee Iwao alikwenda kumsaidia jirani kuchuma chai. Alimwagiza Minori asiondoke barazani tangu adhuhuri mpaka atakaporudi, kwa sababu jua likiwa kali ndipo nyigu anapowinda buibui. Minori alikaa kidogo. Halafu akaenda dukani kununua barafu ya kukwangua yenye shira, na huko akakuta wenzake, maneno yakanoga.

Aliporudi, utando wa Kiguru ulikuwa mzima, lakini mwenyewe hayumo. Kutoka katikati ulining'inia uzi mmoja tu, umeshuka mpaka ardhini. Minori alijua maana yake, maana babu alimfundisha. Ndege akimnyakua buibui huacha tundu kubwa. Mtu akimtoa kwa kijiti, nyuzi husokotana. Nyigu akija, buibui hujiachia chini kwa uzi ili ajiokoe, na nyigu humfuata huko huko chini.

Akachukua kijiti, akausokota utando, akaukata ule uzi.

Babu aliporudi, Minori alimwambia kwamba aliingia chooni mara moja tu, na kwamba Kanae alipita. Kanae alipita kweli, lakini asubuhi.

Jioni mzee Iwao akaenda kwa kina Kanae. Hakumwita mtu mwizi, aliuliza tu kama wamemwona Kiguru. Lakini kule kwenda kulitosha. Jumatatu darasani mmoja akasema watu wa mjini wana mikono miepesi kwa vilivyolelewa na wengine. Kanae akainamia daftari lake. Minori alikuwa akichonga penseli, akaendelea kuchonga mpaka ikabaki kipande.

Jumatano mzee Iwao alikuwa akipalilia chini ya ukuta wa mawe. Akaona udongo uliofukuliwa na kushindiliwa vizuri. Akaufukua kwa kijembe, akamwita Minori.

Ndani ya shimo alilala Kiguru, mguu mmoja pungufu. Hakuwa amekufa. Nyigu alikuwa amemdunga akapooza, akamfukia, na tumboni kwake aling'ang'ania funza mweupe, mtoto wa nyigu, akimla taratibu. Mguu mmoja ulitikisika kidogo.

"Nyigu hasokoti utando," mzee Iwao alisema. "Nani aliusokota?"

Minori alitaka kusema ni upepo. Akautazama ule mguu. Akasema, "Mimi, babu."

Mzee akanawa mikono, akavaa viatu. Walikwenda pamoja kwa kina Kanae. Pale mlangoni, mbele ya mama wa watu, Minori akaeleza yote, barafu, kijiti na uzi. Mama alisikiliza asiwakaribishe ndani. Kanae alikuwa nyuma yake.

"Wangu nilimwachia jana," Kanae alisema. "Sikutaka tena kuitwa mtu wa buibui. Nilimweka kwenye mti, ndege shore akaja akamdonoa huku namwona."

Minori akamwambia achague yeyote kati ya watano waliobaki. Kanae akasema hataki kitu chake chochote. Mzee Iwao ndipo akainama, mvi zote mbele ya mtoto yule, akamwomba msamaha, akamsihi amshikie buibui wake mmoja siku ya mashindano. Kanae alimtazama mama yake.

"Nitamshika," alisema. "Kwa ajili yako wewe, babu."

Jumapili akamshika, akashinda mara moja, akashindwa mara ya pili. Watoto, waliokuwa wameshasikia ukweli, walimpigia makofi, na yule aliyesema mikono miepesi akamsogezea nafasi ya kukaa. Kwa Minori, Kanae alisema tu "habari" na "kwaheri". Asubuhi za kuja mchenzani hazikurudi mwaka ule.

Jioni ya Jumapili ile mzee Iwao alikaa na mjukuu wake mezani.

"Nyigu alichukua buibui, ndicho chakula cha mwanawe," alimwambia. "Wewe ulichukua jina la mtu, na hukuwa na njaa. Ungeniambia ulikwenda kula barafu, ningekasirika mpaka usiku, basi. Na mimi nina kosa. Niliutazama utando uliosokotwa, nikaenda mlangoni kwa watu kabla ya kumuuliza vizuri aliye nyumbani kwangu. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mwanangu. Kesho yake kosa limeshaingia nyumba ya mtu mwingine."

Akamaliza chai yake, akajilaza, muda si mrefu akawa anakoroma. Minori aliosha vikombe viwili, akavifuta, akatandika godoro lake. Alilala akiwaza atamwambia nini Kanae kesho shuleni, na kila alichokipata kilionekana kidogo. Alikuwa bado anatafuta, usingizi ukamchukua.