Kidonda cha Mlenga Shabaha

Watu wa mtaani walimwita Sindano. Alikuwa fundi cherehani, na mkono wake ulikuwa mtulivu kupita kiasi. Miguu yake ilipooza miaka sita iliyopita, alipoanguka kwenye ngazi za ghorofa. Tangu hapo alikaa kwenye kiti cha magurudumu na kushona kwa cherehani ya mkono.

Asubuhi alishona. Alasiri, siku tatu kwa wiki, alikwenda kulenga shabaha.

Klabu yao ilikuwa ndani ya ghala la zamani. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa madirisha ya juu, polepole, kama vile halina haja ya kutua. Mita kumi mbele ya Sindano ilining'inia karatasi yenye duara jeusi. Aliinua bastola ya upepo kwa mkono mmoja. Bastola hiyo haitumii baruti. Hewa iliyobanwa ndiyo inayosukuma kirisasi kidogo kuliko punje ya mahindi. Hata hivyo haichezewi: mdomo wake huelekea shabaha tu, na kidole hakigusi kifyatulio mpaka mtu awe tayari kulenga.

"Usilikodolee macho duara," alisema kocha, mwanamke mrefu mwenye mguu mmoja wa bandia. "Tazama kijino cha kulengea, kilicho mbele ya bastola. Kijino kiwe wazi. Duara liache lififie."

Duara likafifia, likawa kama mwezi nyuma ya wingu jembamba. Pumzi ya Sindano ikapungua. Ghala likayeyuka, kuta zikaenda zake, dunia nzima ikabaki kijino kimoja cheusi. Kidole kikavuta taratibu. Pu! Risasi ilitoka kabla hajajua.

"Tisa kwa kumi!" kocha alisema. "Imebaki miezi mitatu. Nimeshaliandika jina lako kwenye mashindano ya taifa."

Sindano alirudi nyumbani akielea kama lile vumbi.

Mumewe, fundi rangi, alimpokea mlangoni. Alikuwa amemtengenezea zawadi. Alikuwa amechukua tyubu ya gurudumu, akaijaza upepo, akaivisha kitambaa.

"Karibu kwenye kiti cha malkia," alisema. "Katikati kuna tundu, hakitakuumiza hata kidogo."

Sindano alicheka, akaikalia. Wiki mbili aliikalia, asubuhi akishona, alasiri akilenga. Hakusikia maumivu. Angeyasikiaje? Tangu alipoanguka, mwili wake haukuhisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini.

Asubuhi moja aliona unyevunyevu kwenye kitambaa cha tyubu. Alichukua kioo kidogo, akajitazama. Karibu na mfupa wa kukalia, ngozi ilikuwa imechubuka, na pembeni ilikuwa nyeusi kuliko kwingine.

"Kocha akijua, atalifuta jina langu," aliwaza. Akafunika kidonda kwa kitambaa, akafunga na mdomo.

Siku ya tatu alikuja jirani yake, muuguzi, kuchukua sare aliyoshonewa. Alimkuta Sindano anatoka jasho, na siku haikuwa ya joto.

"Mdogo wangu, una homa," alisema, akimgusa shingoni. "Unaumwa nini?"

"Uchovu tu, dada."

"Uchovu gani wa kukuchemsha hivi? Mimi si mgeni hapa. Sema."

Sindano alilia, kisha akasema.

Muuguzi alifunga mlango, akatazama kidonda, akamwita mume. "Shemeji, hiki ni kidonda cha kukaa. Mfupa unabana ngozi, damu haipiti, ngozi inakufa. Asiyehisi maumivu hajui kwamba anahitaji kusogea. Kikiachwa, kinachimba mpaka kwenye mfupa, na hicho kinaua."

Aliinua tyubu. "Nani kaleta hii?"

"Mimi," mume alijibu kwa sauti ndogo. "Nilidhani tundu litampumzisha."

"Ulitaka mema. Lakini pete hii inabana ngozi pande zote na kuzuia damu. Anahitaji mto bapa, mnene, unaofuata umbo lake. Hospitali watampimia."

Mume alikaa kitako sakafuni. "Kumbe ni mimi niliyemuumiza."

"Hukujua," Sindano alisema. "Mimi nilijua, nikanyamaza."

Siku hiyo hiyo walikwenda hospitali. Kidonda kilisafishwa, akapewa dawa. Daktari alimkataza kukikalia mpaka kipone. Nyumbani alilala kifudifudi, akageuzwa ubavu kila baada ya saa mbili. Mume alimpikia maharage na mayai, kwa sababu ngozi mpya hujengwa na chakula.

Kocha alipopata habari alikuja. Sindano alificha uso kwenye mto.

"Jina umelifuta?"

"Sijalifuta. Ila umenisikitisha. Mwili wa mchezaji wangu ni kazi yangu pia. Ungeniambia siku ya kwanza." Kisha akavuta kiti. "Sasa funga macho. Inua bastola."

"Bastola iko klabuni, kwenye sanduku lenye kufuli."

"Inua ile ya kichwani."

Ndivyo zilivyopita wiki sita. Pazia lilijaa upepo na kupungua, na Sindano alipumua pamoja nalo. Nyuma ya kope zake ghala lilirudi, refu kuliko lilivyokuwa, na duara likielea mbali. Alipiga risasi sitini kabla ya chakula cha mchana. Mumewe alijitolea kuhesabu.

"Nimefika arobaini," Sindano alimwambia siku moja, "na wewe umekoroma sitini."

Kidonda kilifunga. Alianza kukaa nusu saa, kisha saa moja, juu ya mto mpya. Kila baada ya robo saa aliinamia magoti kwa dakika mbili ili damu ipite. Kila asubuhi na jioni alijikagua kwa kioo.

Siku ya mashindano wanawake kumi na mmoja walijipanga. Risasi sitini, kwa muda wa saa moja na robo. Sindano alipiga kumi na mbili, akaweka bastola mezani, akainama.

"Anaumwa?" mume alinong'ona, akishika mkono wa muuguzi.

"Anafanya kazi yake, shemeji. Niachie mkono."

Saa ilikwenda. Sindano hakuitazama. Alihesabu pumzi, akainuka, kijino kikawa wazi, duara likafifia. Mara nne aliinama. Risasi ya mwisho ilitoka dakika moja kabla ya kengele.

Akawa wa tatu.

Watu walipiga makofi. Mwanamke wa meza ya pili, naye wa kiti cha magurudumu, alimsogelea.

"Kwa nini ulikuwa unainama?"

Sindano alimweleza yote, hata habari ya tyubu. Mwanamke yule akatazama huku na huku.

"Mimi nina alama nyeusi hapo ninapokalia," alisema polepole. "Tangu wiki iliyopita. Sijamwambia mtu."

Kipaza sauti kiliita washindi waende mbele.

"Wanakuita," alisema yule mwanamke.

"Wataita tena," Sindano alijibu, akageuza kiti chake. "Kioo ninacho. Twende msalani tukaangalie."