Simu Ndani ya Gunia la Vitambaa

Kila Jumamosi Kaltumu huosha vyombo, kisha hufagia chumba cha mbele ambamo mama yake hushona nguo za watu. Vipande vya vitambaa huingia katika gunia la pembeni, na redio ndogo huimba kutwa juu ya kabati.

Mambo yalianza na nguo ya Idi. Kaltumu alitaka kujua amechaguliwa kitambaa gani, na mama hakusema. Basi mtoto huyu mjanja akachukua simu ya zamani ya kitochi, akaiweka ipokee yenyewe bila kulia, akaifukia ndani ya gunia. Kutoka jikoni aliipigia kwa simu ya kaka yake, akasikiliza. Habari ya nguo aliipata siku ileile, lakini simu hakuitoa. Wanawake wakipimwa husema mengi, na masikio yake yalikwisha kunogewa.

Ndivyo alivyomsikia Mukarugwiza, mwimbaji wa kwaya, akimnong'oneza mama kwamba hajui kusoma, na kwamba ameanza kujifunza kwa siri. Kaltumu alimwambia rafiki mmoja tu. Mmoja tu, jamani! Kufikia Jumatano watoto walikuwa wakimfuata Mukarugwiza njiani wakimwimbia a, e, i, o, u.

Jumamosi Mukarugwiza alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Alisema siri ile aliitoa katika chumba hiki tu. Mama akamgeukia Kamikazi, binti anayejifunza ushonaji kwake, maana hakukuwa na mwingine. Jikoni, Kaltumu alisikia yote, simu sikioni.

"Mi sikuambia mutu, Mama," Kamikazi alisema.

Mama alimwambia akusanye vitu vyake aende. Kamikazi alikuwa akikunja futi yake ya kupimia redio ilipokoroma. Akasema kwamba redio hukoroma hivyo wateja wakija, kama iliyo karibu na simu, na leo simu zao wote watatu waliomo chumbani ziko chaji kwa jirani. Mama akaishusha redio, akazunguka nayo. Mlangoni ilitulia. Penye gunia ikapiga kelele. Akatia mkono, akatoa simu, kioo chake kinawaka.

Hakufoka. Aliisogeza mdomoni.

"Kaltumu," alisema. "Njoo."

Kaltumu alilisikia jina lake sikioni mwake mwenyewe, akatamani ardhi immeze. Aliingia na simu ya kaka yake mkononi, akaeleza yote akiitazama sakafu. Alimwomba radhi Mukarugwiza, kisha Kamikazi. Mama naye akamwomba radhi Kamikazi mbele ya mteja, na hilo lilimuumiza Kaltumu kuliko fimbo.

"Mtu akija kupimwa hapa anatuachia kitambaa na maneno yake," mama alisema. "Vyote ni amana. Ukisikiliza usichoambiwa, umeiba."

Mukarugwiza alirudisha kitambaa mezani. Kisha akatoa kitabu mkobani, akaketi kwenye benchi la nje, wapita njia wakimwona, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Alipokwama alimwita Kaltumu amsaidie. Kaltumu alisoma lile neno kwa sauti ndogo, uso ukimwaka.

"Mi aibu yangu nimeianika hapa," Mukarugwiza alimwambia. "Donc, basi, na wewe yako usiifiche. Kesho utawaambia wale watoto namna ulivyoisikia siri yangu."