Pampu Iliyorudi Safi

Jada analima nyanya karibu na Koboko. Chini ya shamba lake kuna kijito. Hapo mkewe, Margarita, amechimba bwawa la samaki. Maji ya kijito huingia bwawani kwa mfereji mdogo.

Kijijini kuna pampu moja tu ya kunyunyizia dawa, nayo ni ya Jada. Wengi huiazima. Sharti lake ni moja: irudi safi. Jirani yao Mogga aliwahi kuirudisha ikiwa na tope. Jada alimtukana mbele ya watu.

Kiangazi kilikuwa kikali. Asubuhi moja Aziz, ambaye shamba lake liko kando ya kijito hicho, upande wa juu, alirudisha pampu iking'aa.

"Mzee Jada, angalia. Iko safi kama sahani ya harusi."

"Wewe ndio mutu ya adabu," Jada alisema. "Si kama ile Mogga."

Mchana Margarita alipiga kelele. Samaki walielea matumbo juu. Hata vyura walikufa.

"Ni Mogga!" alilia. "Ulimwaibisha, sasa ametia sumu."

Jada alichukua fimbo. Margarita alianza kuokota samaki awakaushe kwa moshi.

Njiani Jada alikutana na Evelyn, afisa wa kilimo.

"Mzee, fimbo ya nini?"

"Ya Mogga. Ameua samaki yetu."

"Mogga hakimbii. Nionyeshe maji kwanza."

Walipanda kando ya kijito. Kwenye mawe kando ya shamba la Aziz kulikuwa na povu la sabuni na harufu kali ya dawa. Aziz alikuwa palepale.

"Nani ameosha pampu hapa?" Evelyn aliuliza.

"Mimi. Na Omo mingi. Jada hataki pampu chafu, kila mutu anajua."

Jada alitazama fimbo yake.

"Dawa inayoua wadudu wa nyanya inaua samaki na vyura pia," Evelyn alisema. "Inaua hata vidudu ambavyo samaki hula. Kidogo tu kinatosha. Sasa maji ni machache, sumu inabaki kali."

"Basi pampu irudi chafu?" Jada aliuliza.

"Hapana. Osha shambani. Tia maji kidogo, tikisa, nyunyizia nyanya zilezile. Fanya hivyo mara tatu. Na acha nyasi ziote kati ya shamba na kijito. Samaki hao wasiliwe, hata na kuku. Wazikeni mbali na maji."

Jada aliporudi, Margarita alikuwa amewasha moto. Aliposikia habari, aliuzima, akachimba shimo.

Jada alikwenda kwa Mogga bila fimbo. Alibeba pampu mgongoni.

"Chukua. Lakini usioshe mtoni."

"Na ikirudi na tope?"

"Tope haiui samaki."

Mvua ziliponyesha, vyura walirudi kwanza. Margarita akaweka vifaranga wapya wa samaki bwawani. Walipokua, alikaanga samaki mkubwa, akampelekea Mogga kwenye sahani.

Sahani ilirudi safi.