Cha Kwako Kipo

Paka aliingia, akalipita bakuli la chakula kana kwamba limewekewa watu wengine, akaenda kukaa katikati ya sebule na kumtazama mdomoni msusi aliyeitwa Redio.

Hilo peke yake lilipaswa kumshtua mtu. Paka wa nyumba ile walikula kila kitu. Walikula mabaki, walikula nyuzi, walikula sponji ya kuoshea vyombo, na mmoja aliwahi kumeza nusu ya mkanda wa suruali ya mteja, na mteja akaambiwa eti siku hizi mitindo ni mifupi. Paka asiyekula alikuwa kioja. Lakini Fundi alikuwa na gauni jeupe la bibi harusi kwenye cherehani, pini mdomoni na hasira kifuani, na mtu mwenye vyote hivyo kwa pamoja hatazami paka.

Walikuwa wapangaji watatu kwenye ghorofa ya juu kabisa, wenye choo kimoja, na kila vita kubwa katika nyumba hiyo ilianzia chooni. Fundi alishonea sebuleni, kando ya mlango mkubwa, kwa cherehani ya miguu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Redio alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, msusi katika saluni ya mtaa wa pili. Aliitwa Redio kwa sababu alianza matangazo akifumbua macho, na kwa sababu redio hutangaza tu, haisikilizi. Wa tatu alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, na wote walimwita Sista. Sista alilala mchana, kwa hiyo mapazia yalifungwa mchana kutwa, nyumba ikawa giza jua likiwa utosini, na watu wazima wakanong'onezana jikoni kama wanaopanga wizi.

Kila mmoja alikuwa na paka wake. Wa Fundi aliitwa Waziri, mnene, hafanyi kazi yoyote na hakuna wa kumuuliza. Wa Redio aliitwa Mama Mkwe, kwa namna alivyokaa dirishani akikagua usafi. Wa Sista aliitwa Dozi. Walitoka na kuingia watakavyo, na mlango ulikuwa karibu na Fundi, kwa hiyo kazi ya ubawabu ilimwangukia yeye bila mshahara. Akatafuta njia. Alichukua utepe wa kupimia uliochakaa, akaufunga kwenye mpini wa kitasa, na ncha ya pili akaiacha ikining'inia karibu na mguu wake. Paka akikwaruza nje, Fundi aliunasa utepe kwa kidole gumba cha mguu, akavuta, mlango ukafunguka, naye bila kuinua macho akasema maneno ambayo nyumba nzima iliyazoea: "Ingia, cha kwako kipo." Maana yake bakuli. Paka waliielewa hivyo.

Siku ile Redio alikuwa anasimulia habari za mteja mwenye wachumba wawili waliokutana saluni, na alikuwa anaisimulia kwa mara ya tatu, safari hii kwa sauti za wahusika wote. Fundi alikuwa amekwisha kufumua mshono mmoja mara mbili kwa sababu ya manyoya ya paka. Sinki lilijaa vyombo visivyo na mwenyewe. Mlango ukakwaruzwa. Akavuta utepe kwa kidole, akasema ingia, cha kwako kipo, kisha akaongeza kwa uchovu: "Na huyo msikilize wewe, mimi basi."

Paka akaenda, akakaa, akamsikiliza.

Kesho yake Redio aliamka sauti imekwaruza. Sista akamwambia asukutue maji ya chumvi. Fundi, Mungu amsamehe, alifurahi. Alishona gauni asubuhi nzima kwa raha, cherehani ikienda karakara, karakara, mlio ambao aliujua kuliko jina lake. Kwa mlio huo alijua sindano imeanza kuwa butu, alijua uzi unataka kukatika kabla haujakatika. Kwa mlio huo huo mama yao alimlaza Redio alipokuwa mchanga, maana bembelezi zote zilimshinda.

Hata hivyo kulikuwa na harufu. Harufu ya nywele zilizoungua, nzito, inayokaa kooni. Fundi akajua ni Redio, si wasusi huchoma ncha za rasta kwa kiberiti? Redio akajua ni pasi ya Fundi. Sista akajua ni wote wawili. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu wiki hiyo hawakuwa wakizungumza vizuri. Bomba la bafuni lilikuwa limeziba kwa nywele, na bado haijapatikana nyumba ambayo mtu amekiri nywele za bafuni.

Na yule paka hakuondoka. Alikuwa wa rangi ya jivu, au kahawia, ilitegemea umemtazamia wapi. Fundi alimwona na kukasirika, akisema moyoni kwamba Sista kaleta paka wa pili bila kumwambia mtu. Sista alimwona na kumlaumu Redio. Redio alidhani ni wa dada yake, na pengine angesema, lakini kufikia hapo sauti yake ilikuwa imepungua hadi kuwa kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Alicheka siku moja kwa kitu alichokiona kwenye simu, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, na hakikusikika chochote. Paka alikuwa miguuni pake. Waziri, Mama Mkwe na Dozi walikuwa wote juu ya friji, wamebanana, na paka wa nyumba hiyo hawakuwahi kukaa pamoja ila kwa kugombana.

Fundi aliona hilo. Aliliweka upande, pamoja na vyombo vya kwenye sinki.

Mchana mmoja Sista amelala, Redio yuko kazini, au ndivyo Fundi alivyodhani, akasikia mdogo wake kule bafuni analalamika. Analalamika kama zamani, kwa sauti nzima, iliyopona kabisa: nani kamaliza sabuni, nani kaacha ndoo njiani, hivi mnanionaje humu ndani. Fundi akashusha pumzi ya nafuu, na nafuu ilipoisha, ambayo haikuchukua muda, hasira ikarudi. Akamjibu kwa kunong'ona kwa ukali anyamaze, Sista amelala. Sauti ikasema na yeye Sista amezidi. Fundi akasema hapo sasa umesema kweli. Wakateta hivyo kwa muda mzuri tu, yeye akikanyaga cherehani, sauti ikimjibu kutoka bafuni, wakamsema Sista, wakamsema mwenye nyumba, hata Fundi akacheka, mpaka mlango mkubwa ukafunguliwa kwa ufunguo na Redio akaingia kutoka kazini, mifuko ya rasta mikononi, shingo kaifunga kitambaa kwa ajili ya koo, akamsalimu dada yake kwa kuinua nyusi kwa sababu salamu haikutoka.

Na kule bafuni sauti iliendelea.

Iliendelea kulalamika juu ya ndoo, kwa utulivu, bila kujua au bila kujali kwamba mwenye sauti amefika, na Redio akaganda pale mlangoni na mifuko yake akiisikiliza, mkono mmoja ukipanda taratibu mpaka kooni kama mtu anayepapasa mfuko alioibiwa, na Fundi akaona midomo ya mdogo wake ikianza kucheza, ikifuata kila neno linalotoka bafuni, neno kwa neno, bila yeye kutaka, machozi yakimtiririka, harufu ya nywele zilizoungua ikija sebuleni kama moshi usioonekana, hadi mlango wa bafuni ukasukumwa kidogo, kwa chini, kwa kimo cha paka, na sauti ya Redio ikasema kutoka hapo chini, karibu na sakafu, "Dada, mbona umeacha kushona?"

Walimwamsha Sista. Walimwamsha kwa kumlalia.

"Paka wako," Fundi alinong'ona. "Yule wa jivu. Mtoe."

Sista alikaa kitandani akiwatazama. "Mimi nina Dozi tu. Yule si wako?"

Wote wawili wakamgeukia Redio. Redio akatikisa kichwa.

Sista ameosha maiti kwa miaka mingi na hajawahi kukimbia, lakini alivuta miguu yake yote miwili akaipandisha kitandani.

Akampigia simu mama yake mdogo, mkunga mstaafu, ambaye watu walimwita Mkunga ingawa kwa sasa alitoa mapepo zaidi kuliko alivyozalisha. Alifika jioni, jua likiwa bado halijazama, akihema na kuzilaani ngazi. Alikataa kukaa kwenye kochi kwa sababu ya manyoya. Alikataa maji kwa sababu aliliona sinki. Alivuta pua mara moja, akatazama chini ya meza ambako macho mawili yalikuwa yakimtazama, akaketi kwenye kiti cha kushonea.

"Nani alimfungulia?"

Fundi akajibu ni yeye.

"Kwa mkono gani?"

Fundi akaonyesha kidole gumba cha mguu. Mkunga alikitazama kidole hicho kwa muda mrefu, kama daktari anayetafuta namna nzuri ya kutoa habari mbaya. Akataka kujua alimwambia nini. Walipomwambia, alijipiga paja.

"Wanangu, jini si mwizi. Mmemwambia aingie, cha kwake kipo. Ameingia, anakitafuta. Hamkumtajia ni kipi, kachagua mwenyewe. Mimi nitamfukuzaje mgeni aliyeitwa?"

Sista akauliza kwa sauti ndogo wafanye nini.

"Atajiwe. Na ataje huyu huyu aliyemwita, kabla sauti haijatoka yote. Ikitoka yote, huyu mtoto atabaki ganda, na atakayezungumza humu ni yule."

Fundi, kwa hofu, akaanza kugawa. Akataja kochi. Akataja vyombo vyote vya kwenye sinki na sinki lenyewe. Mkunga akamkatiza: asimpe takataka, jini akidharauliwa hukaa. Kachukua sauti, ataachia kwa sauti, na iwe ya kwake Fundi, ambayo ataililia.

Fundi alimtazama mdogo wake. Alikuwa amekaa sakafuni, midomo ikicheza kidogo kidogo, na kutoka chini ya meza vikatoka vicheko vya Redio, vile vya utotoni, ambavyo Fundi hakuwa amevisikia tangu mama yao alipokuwa hai. Mama alikuwa amemshika mkono siku ya mwisho akamwambia maneno mawili tu: mdogo wako. Na yeye ndiye aliyechoka kumsikiliza.

Akamwomba Mkunga ampishe kiti. Akaweka kipande cha kitambaa chini ya sindano, akakanyaga. Karakara, karakara, karakara. Paka akatoka chini ya meza. Alikuwa mkubwa kuliko alivyoingia. Fundi akasema, bila kuacha kukanyaga, safari hii akimtazama usoni:

"Cha kwako ni hiki. Huyo mwachie."

Mguu ukaendelea kwenda. Gurudumu likaendelea kuzunguka, sindano ikapanda na kushuka, uzi ukaingia kitambaani. Mlio haukuwepo. Ulikuwa katikati ya sebule. Karakara, karakara, ukapita mlango ambao hakuna aliyeufungua, ukateremka ngazi moja baada ya nyingine, ukafifia. Chini ya meza hapakuwa na kitu. Harufu ikakatika kama imepigwa shoka.

Redio akakohoa. Wakamwinamia wote watatu. Akafumbua macho, akameza mate, akasema: "Hivyo vyombo ataosha nani?"

Fundi alilia mpaka akakosa hewa.

Kabla ya kuondoka Mkunga aliwapa amri moja tu. Mlango wao ufunguliwe kwa mkono na kwa macho, na yale maneno yasitamkwe tena, kwa sababu aliyewahi kupewa hukumbuka njia. Fundi akaukata utepe siku hiyo hiyo. Sista akaitikia kama anayepokea maelekezo ya dawa. Redio naye aliitikia, huku akimweleza Mkunga habari za mteja mwenye wachumba wawili.

Maisha yakarudi, pamoja na kero zake. Fundi sasa alishona kama kiziwi. Alivunja sindano, uzi ulimkatikia bila onyo, wateja wakanung'unika, na yeye akafumua na kushona upya akiitazama ile mashine kama mtu aliyenuniwa na rafiki. Redio alizungumza kutoka asubuhi mpaka usiku, na Fundi hakumnyamazisha hata mara moja, ingawa kuna siku aliuma kitambaa.

Jumapili moja alasiri Fundi alikuwa mwisho wa sebule akipiga pasi. Redio alimleta mteja nyumbani, akamweka chini, na yeye mwenyewe akakalia kile kiti cha kushonea, kando ya mlango, mikono yake yote ikiwa kwenye nywele za watu na simulizi ikiwa katikati. Fundi akausikia. Karakara, karakara. Kwa sekunde moja alifurahi, akaigeukia cherehani yake. Imetulia. Mlio ulikuwa ngazini, unapanda.

Akatafuta kwa macho. Waziri, juu ya friji. Mama Mkwe, juu ya friji. Dozi, katikati yao.

Mlango ukakwaruzwa, taratibu, kwa chini. Hapo ndipo Fundi alipoona kwamba kwenye mpini wa kitasa, pale alipokata utepe, Redio alikuwa amejifungia mkia mrefu wa rasta ili asisumbuke kuinuka. Fundi akafungua mdomo, na koo lake, lililokuwa limekauka kwa hofu, likatoa upepo mtupu.

Redio aliunasa ule mkia wa rasta kwa kidole gumba cha mguu, bila kuinua macho kutoka kwenye msuko, bila hata kukatiza hadithi yake ila kwa pumzi moja.

"Ingia," alisema, "cha kwako kipo."