Mtama Mchanga na Ng'ombe wa Zubeida

Zubeida alikuwa na ng'ombe watatu wa nyama. Kijijini kwao, kabla hawajahamishwa kupisha mradi wa gesi, ng'ombe hao walikula bondeni mpaka wakashiba. Hapa Quitunda, kijiji kipya cha waliohamishwa, alipewa nyumba ya matofali na kipande cha shamba. Malisho, hakuna. Basi alipogawiwa mbegu za mtama, akawapandia ng'ombe.

Mvua ikakatika. Mtama ukadumaa, haukufika hata gotini. Ng'ombe mbavu nje. Asubuhi moja Zubeida akawafungulia waingie shambani kula. Haikupita saa, jike kubwa akatweta, akayumba, akaanguka. Mumewe Jafar alikuja mbio na kisu, akakuta ameshakufa. Nyamafu. Hata kitoweo hawakupata.

Jafar akamshuku jirani yao Virgílio, aliyehamia kutoka Mueda. Alisema watu wa huko wanajua sumu.

"Usimsingizie mtu," Zubeida alimkata. "Virgílio ndiye aliyewaswaga hawa wawili wakatoka shambani. Wewe ulikuwa barazani."

Kesho yake akaja Célia, bibi shamba. Alieleza kwamba mtama mchanga una sumu, na ukipigwa na jua kali sumu huzidi. Ng'ombe wasiingizwe mpaka umfike mtu kiunoni. Hata machipukizi baada ya kuvuna huua vilevile.

Zubeida akamtazama juu mpaka chini.

"Dada Célia, mbegu mlileta na gari. Picha mkatupiga. Maneno haya mliyaacha wapi?"

Célia hakujitetea. "Kosa letu, mama. Tulipaswa kusema siku ileile."

"Basi twende ukaseme kila nyumba. Leo."

Wakaenda, Zubeida mbele. Célia akafundisha: kwa malisho pandeni uwele, hauna sumu ile. Changanyeni na kunde. Ukifika kiunoni, zungushieni kamba, walisheni kipande kwa kipande. Acheni mashina ya shubiri moja, yatachipua tena.

Mvua iliporudi, Zubeida akapanda hivyo. Baada ya miezi miwili ng'ombe wake wawili walikuwa wanang'aa mgongo. Jafar alikwenda kumwomba radhi Virgílio. Alijibiwa kwamba radhi ameipata, sasa ashike kamba wahamishe ng'ombe.

Msimu uliofuata gari la mbegu likaja tena. Watu wakajipanga, lakini hakuna aliyenyoosha mkono.

"Shusheni magunia, yakae hapo," Zubeida alisema. "Kwanza tuelezeni mbegu hii inaliwaje, na inaua lini."